Alama Sita kwa Kava ya Cheni

Mwaka wa 1971, nikiwa na miaka tisa, baba alikufa na shule yangu ikaisha hapo, darasa la pili. Kakangu alinibeba nyuma ya baiskeli yake kutoka Kanyakine mpaka Embu, siku mbili, akanifundisha ufundi wa baiskeli. Nasema hivi kwanza ili ujue nilimkosea nani.

Kakangu alikuwa na desturi yake. Mtoto wake akibatizwa, alichukua tindo akagonga mstari mmoja kwa kava ya cheni, lile bati linalofunika cheni ya baiskeli yake. Mistari ilifika sita. Wa tatu ulikuwa wa msichana aliyekufa kabla hajapigwa picha hata moja. Huo ulipogongwa, bati nililishika mimi.

Kakangu alipokufa, baiskeli ilibaki kwa mjane wake. Mwaka jana shemeji akaileta karakana yangu hapa mtaa wa Majimbo, Embu.

"Kava inagonga cheni," akasema. "Nyoosha tu. Usianze ujanja wako."

Siku hizo vijana wa mjini walikuwa wanatafuta baiskeli za zamani zilizopambwa. Nikaona hii ikikaa mlangoni wiki moja itaniletea kazi. Nikafungua kava, nikakata ukingo wa chini kwa mkasi wa bati, nikatoboa maua kutoka mwanzo mpaka mwisho. Ile mistari ilikuwa inaharibu sura. Nikaipiga nyundo mpaka ikalala, nikapitisha msasa, nikapaka rangi nyekundu. Juu yake nikaandika jina langu kwa rangi nyeupe. Jina langu ndilo kitu shule ilinipa, na mimi huliandika vizuri.

Jumamosi shemeji akaja. Kwanza alicheka.

"Fundi, hii inaenda kuoa?"

Halafu akapitisha kidole kwa bati, polepole, mbele mpaka nyuma. Akarudia.

"Mtoto wangu ako wapi?"

"Kutu ilikuwa imekula, shemeji. Sikuona kitu."

"Wewe ndiye ulishika bati. Mimi nilikuwa nimesimama hapo, yeye akiwa mgongoni."

Wateja wawili wakaanza kuangalia tairi ambayo haikuwa na shida. Nikasema nitagonga mingine sita, mahali palepale.

"Hiyo itakuwa yako," akasema. "Kaa nayo."

Akaiacha baiskeli hapo, akaenda zake kwa miguu.

Mimi ni mtu wa kusema mambo wazi, watu wote wa hapa wanajua. Lakini hili sijamwambia kwa mdomo, kwamba niliiona mistari, nikaijua, na bado nikaipiga. Kanisani ananisalimia kama kawaida, ananiuliza habari ya magoti yangu. Afadhali angenitukana.

Leo nina nyumba ya mawe, karakana ya mabati, mashine ya kuchomelea, ekari moja na nusu ya kahawa, ng'ombe wawili wa maziwa, na baiskeli ya kakangu, ambayo sikupewa na yeye.