Mkono wa Mama Gia

Jina hilo Mama Gia hakupewa na wazazi wake, wala hakuliomba. Alibandikwa na wapakizi wa mizigo, na chanzo chake ni ugonjwa wa pikapu la mumewe. Gia ya tatu ilikuwa inachomoka. Unaiweka vizuri, gari linaanza kupanda mlima, mara inaruka yenyewe. Injini inapiga kelele za bure na mzigo unaanza kukuvuta nyuma. Dawa ilikuwa moja tu: mtu aishike palepale mpaka mlima uishe. Dereva asingeweza, maana usukani wa dude lile nao ulikuwa mzito, unataka mikono miwili na pumzi. Basi mke akapanda kiti cha mbele, akaishika. Akaishika miaka na miaka, jamani.

Pikapu lenyewe lilikuwa kubwa, la kuhamisha watu na makabati yao, na likiingia uani geti halifungiki. Mumewe alilinunua kuukuu lakini limepigwa rangi linang'aa. Uzuri wa mkakasi huo! Kabla hata hawajalizoea, rejeta ikavuja. Ikafuata klachi, na fedha iliyokwenda kwenye klachi ndiyo ilikuwa ya kuezekea jiko, kwa hiyo jiko likabaki na turubai. Kisha gasketi ya injini ikaungua, moshi mweupe ukatanda mtaa mzima. Kisha springi za nyuma zikakatika, kwa sababu mume huyu hajui kumwambia mteja hapana, hata mtu akitaka kuhamisha nyumba nzima kwa safari moja. Wifi yake, dada wa mume aliyeishi mlango wa pili, alikuwa akisema kaka yake ana wake wawili, na yule mwenye magurudumu ndiye anayependwa.

Giaboksi ndilo lililosubirishwa. Fundi aliwaambia mapema kwamba kulishusha, kulifungua na kubadilisha vilivyolika kungekula karibu nusu ya thamani ya gari. Basi kila senti ikipatikana, kuna kitu kingine kinaharibika na kuimeza. Na kila jioni Mama Gia alichovya kiganja kwenye maji ya moto, akalalamika. Mwanamke yule alijua kulalamika! Kwamba wenzake wanakaa barazani wakisukana, yeye anasukwasukwa na mashimo ya barabarani. Kwamba yeye aliolewa, hakununuliwa dukani kama kipuri. Siku giaboksi litakapotengenezwa, alisema, miguu yake haitakanyaga tena ndani ya gari lile, na wifi awe shahidi.

Hata hivyo ukweli usemwe: kwenye kile kiti hakukaa bure. Yeye ndiye aliyepatana bei, kichwa nje ya dirisha, mkono kwenye gia. Akiangalia mizigo tu alisoma maisha ya watu; kitanda kikihama peke yake bila kabati, alijua hapo ndoa imevunjika. Na kubwa zaidi, mle ndani mumewe aliongea. Nyumbani alikuwa mtu wa "mm" na "haya". Akishika usukani maneno yanamtoka, tena ya kuchekesha. Majina ya watoto wao waliyachagua humo, kwenye mlima ule mrefu wa kutokea mtaani kwao. Ugomvi wao pia uliisha humo, kwa sababu huwezi kumnunia mtu huku nyote wawili mnaupandisha mzigo mmoja.

Ikapatikana kazi nono ya kubeba vitanda vya hosteli mpya. Walipolipwa, mume hakupitia hata nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa fundi. Giaboksi likashushwa, gia iliyolika na beringi zake zikatupwa, zikawekwa mpya. Fundi akafuta mikono kwa kitambaa chake cha grisi, akamwambia Mama Gia, "Shemeji, umestaafu."

Mwanzoni alifurahi kweli. Alilala mpaka jua likapanda, akasukwa, akasikiliza umbea wa baraza nzima. Kisha siku zikaanza kuwa ndefu. Akikaa tu, mkono unashika mwiko na kuusukuma mbele, na wifi anamwuliza anapanda mlima gani tena. Kila asubuhi alitega sikio pikapu likifika mlimani. Anasikia gia ya tatu inaingia. Anasubiri iruke. Hairuki. Akawa anaichukia ile gia mpya kwa moyo wote, na hana wa kumwambia, baada ya makelele yote aliyopiga. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge.

Mume naye alirudi jioni na "mm" yake na "haya" yake. Bei alizokubali zilikuwa za aibu. Alibeba kabati la milango mitatu kwa shukrani na glasi ya maji. Alipoulizwa njiani kulikuwaje, akasema kulikuwa kuzuri. Mama Gia alikwenda jikoni chini ya turubai, akajifanya anakata vitunguu.

Asubuhi moja mume akasimama mlangoni, anauzungusha ufunguo kidoleni, macho chini.

"Mama watoto, gia imeanza tena."

"Ipi?"

"Hiyohiyo ya tatu."

Akamwuliza kama amemwona fundi. Mume akajibu kwamba fundi amesafiri. Na nyundo ya fundi ilikuwa inasikika waziwazi kutoka gereji ya kona! Mama Gia akautua mwiko wake. Akajifunga kitambaa kichwani, akapanda garini upesi hata wifi akacheka huko barazani, akauliza kwa sauti kama yeye bado ni shahidi au naye amestaafu.

Nyuma walikuwa wamebeba kabati lenye kioo. Walipofika mlimani, mume akaingiza gia ya tatu, na yeye akaidaka kama zamani. Katikati ya mlima aliunyanyua mkono, eti anarekebisha kitambaa. Gia ilitulia kama maji mtungini. Hakuurudisha haraka, aliuacha juu, makusudi, ili mwenzake ajue kwamba amejua. Mume alikaza macho barabarani, jasho linamteremka nyuma ya sikio, na hakugeuka.

Mama Gia akaurudisha mkono pale pale ulipokuwa unakaa miaka yote.

"Ugonjwa huu," akasema, "usiupeleke kwa fundi."

Mume akasema hataupeleka. Kisha, kabla mlima haujaisha, akaanza kumsimulia yote aliyoyaona njiani tangu siku ile alipobaki peke yake, moja baada ya jingine, na yeye akaishika gia mpaka walipofika.