Nilivyofukua Makumbi ya Wanawake wa Utange

Sikusafiri kwa kupenda. Nilisafirishwa, na walionisafirisha nitawataja mmoja mmoja, maana wangali hai na wanatembea Changamwe wakila vizuri.

Wa kwanza ni Saidi Mbuya. Tulikuwa naye genge moja bandarini Kilindini miaka ile ya vita, meli zikingojana langoni, kazi usiku na mchana. Mimi nyapara, yeye msaidizi wangu. Siku wavu wa magunia ya sukari ulipokatika kamba, aliyekuwa akimwonyesha mtu wa winchi kwa mkono wakati wa kupandisha na kushusha ni Saidi, na mkono wenyewe aliuonyesha huku akimtazama muuza mihogo. Wenzangu waliruka. Mimi nilifukuliwa nikiwa hai, nimejaa sukari mpaka masikioni, na nzi wote wa Shimanzi walinijua kwa jina. Nikarudi kazini kabla mbavu hazijapoa, ili watu waone. Tangu hapo nikawa nakimbia kuliko zamani. Sikuketi kula. Chai niliinywa nikitembea, nusu tumboni, nusu shatini.

Wa pili ni daktari wa bandarini. Nilipoanguka ghalani bila kuangukiwa na kitu, aliniwekea mipira yake ya kusikilizia kifuani, akakunja uso.

"Moyo hii nakwenda kama winchi hapana breki," akasema. "Wewe kwenda shamba. Lala. Mwezi mpya, rudi. Kama moyo bado kimbia, kazi kwisha. Na wewe kwisha."

Wa tatu ni mke wangu Zuhura. Nilifika nyumbani nikakuta nguo zangu zimeshafungwa.

"Wenda Utange kwa shangazi yako," akaniambia. "Ukalale kama watu."

"Nilale mchana? Mimi mtoto mchanga?"

"Mtoto mchanga ana faida yake. Akilala, walio nyumbani hupumua."

Saidi Mbuya naye akaja kuniaga. "Kapumzike, kaka. Usiwe na haraka ya kurudi. Genge nitaliangalia mimi." Sijapata kuona mtu akisikitika kwa meno mengi vile.

Alfajiri ya siku ya pili nilipanda lori la mkaa, tukavuka Makupa, nikashushwa mjini. Nikaenda kwa miguu mpaka Daraja la Nyali. Zama zile lilielea juu ya maboya, likipanda na kushuka na maji, na mtu akilipita anatembea kama mlevi hata kama ametoka msikitini. Niliambiwa upande wa pili atakuwapo Kazungu, jirani yake shangazi, ambaye amekuja mjini na punda wake kuuza nazi na atanionyesha njia. Nilimkuta kweli. Mrefu, mweusi tititi, amevaa kofia ya majani na msalaba mdogo shingoni. Punda wake amelala.

"Ndiwe Athmani?" akaniuliza.

"Ndimi. Twende."

"Twende wapi, bwana? Hatujaamkiana."

Tukaamkiana. Akaniuliza hali yangu, ya mke wangu, ya watoto, ya majirani, ya Changamwe yote, na ya vita. Kisha akamuamsha punda, kwa adabu, kama anayemuamsha mkwewe.

Kutoka pale hadi Kongowea hatukupita mtu bila kusimama. Mwanamke wa Kigiriama ana kuni kichwani, tunasimama. Mzee wa Kiswahili yuko barazani anatia uzi sindano, tunasimama, mpaka uzi uingie. Damu ikanichemka. Nikamwambia Kazungu, "Nitatangulia."

"Njia waijua?"

"Njia si ni hii?"

Akanitazama kwa huruma. "Ni hii, mpaka itakapokuwa si hii."

Nikatangulia. Nilitembea kwa kasi ya mtu anayefukuzwa, nikajisifu moyoni. Njia ikagawanyika, nikashika iliyo pana, maana njia ya maana huwa pana. Ikaniingiza kwenye shamba la mkonge. Mkonge mbele, mkonge nyuma, mistari imenyooka kama askari, na kila jani lina mwiba wake. Nilizunguka humo mpaka suruali ikawa matambara. Aliyenitoa ni mlinzi wa shamba, na yeye hakunitoa kwa maneno.

Alasiri niliingia Utange, nachechemea. Kazungu alikuwa ameshafika, ameoga, amekula, anasikiliza punda wake akitafuna.

"Karibu," akasema. "Ulipitia kuzuri?"

Shangazi yangu Bi Mishi alitoka jikoni akifuta mikono kwa leso. Mjane, mfupi, sauti kubwa kuliko mwili.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekuja kama uliyetapikwa? Keti."

"Kwanza niambie, kuna kazi gani hapa?"

"Kazi yako ni kile." Akanionyesha kitanda cha kamba barazani.

Alinipa mbaazi za nazi na mahamri, nikala. Nikalala chali kwenye kile kitanda. Kimya. Hakuna winchi, hakuna king'ora, hakuna mtu anayemtukana mamake mwenzake. Moyo ukanidunda mpaka kamba za kitanda zikalia. Nikaona nitakufa pale pale, nife kwa kupumzika, na Saidi Mbuya arithi genge. Nikaamka.

Siku zile za mwanzo nilimsaidia shangazi. Nalisema neno hili sawasawa, nilimsaidia, ingawa yeye analiita jina jingine. Nililitengeneza banda la kuku likasimama wima, kuku wakagoma kutaga. Nazi zilizolala ovyo uani nikazipanga kwa ukubwa, moja juu ya moja, kama shehena. Bi Mishi akachukua moja ya chini kwa ajili ya mchuzi, zikaporomoka zote zikamfukuza mpaka kisimani.

"Athmani!"

"Labeka, shangazi."

"Ewe mwana, ulitumwa na daktari ama ulitumwa na adui zangu?"

Jioni Kazungu alinipa shauri. "Bwana Athmani, kitanda hakiumi."

"Wewe hunijui. Mimi nikikaa bure, moyo wenda mbio."

"Na ukikimbia?"

"Wenda mbio zaidi. Lakini nakuwa na sababu."

Asubuhi moja shangazi na wanawake wa mtaa walikwenda harusini Mtopanga, nikaachwa peke yangu. Nikashuka hadi hori ya Mtwapa, ule mkono wa bahari unaoingia bara, kutazama maji. Yalikuwa yamekupwa. Chini ya mikoko, kwenye matope, nikaona vijiti vimechomekwa, na karibu na kila kijiti pamefunikwa makuti na mawe. Nikafunua mahali pamoja. Makumbi! Makumbi ya nazi, yale maganda ya nje, mamia, yamezikwa matopeni, meusi, yananuka kama mzoga wa papa.

Sasa nataka wasomaji wangu wa Changamwe waniamulie kwa haki. Mtu wa bandari akiona shehena imelala, haina mmiliki karibu, inaoza, afanye nini? Kwetu mzigo ukilala ghalani ni aibu ya nyapara. Nikasema, masikini wanawake hawa, mambo yamewazidi, wamesahau mali yao. Nikavua shati. Nikafukua shimo la kwanza, la pili, nikafukua yote. Nikayasuuza makumbi kwa maji ya chumvi, nikayabeba juu kwenye mchanga mkavu, nikayapanga kwa safu juani, safi, kila safu na kijiti cha mwenyewe. Ilikuwa kazi nzuri. Nikasimama mikono kiunoni, nikiwangoja wenyewe waje washukuru.

Walikuja adhuhuri, wamevaa leso zao za harusi, wananukia asumini. Bi Mishi mbele, na Kadzo mkewe Kazungu, na Mwanakombo jirani wa kisimani. Walisimama.

Kisha Kadzo akaweka mikono kichwani. "Wamefukuliwa! Na hata miezi yao haijatimia!"

"Nani?" nikauliza.

Mwanakombo akalivunja kumbi moja, akalivuta. Uzi haukutoka. "Bado," akasema, sauti imekwisha. "Bado kabisa. Na sasa yameshika jua."

Ndipo nilipoelezwa, kwa matusi mengi kuliko maelezo. Kumbi huzikwa matopeni, maji ya chumvi yaingie na kutoka, likae miezi na miezi bila kuguswa, mpaka nyama yake ioze zibaki nyuzi tu, ndizo usumba. Hapo ndipo hupigwa kwa rungu, likasokotwa kamba. Likitolewa kabla, likakauka, huwa gumu kama kuni. Kile nilichokiona kuwa uvivu kilikuwa ndiyo kazi yenyewe. Kamba zote za wanawake wale za mwaka mzima zilikuwa pale juani, zimepangwa vizuri.

Nikarukia makumbi ili niyarudishe. Nilibeba mzigo mmoja, wa pili sikuufikisha. Kifua kikabana, matope yakapanda, yakanipiga usoni. Nilipofungua macho nilikuwa nimelala kwenye paja la Kazungu, aliyeitwa mbio, na Bi Mishi ananipepea kwa leso ya harusi, machozi yanamtoka, huku bado ananitukana.

"Hakufa?" Mwanakombo akauliza.

"Hakufa," akasema Kadzo. "Afadhali. Akifa tutamlaumu nani?"

Makumbi yakarudishwa siku ile ile, kabla ya maji kujaa. Kazungu alifukia, wanawake wakabeba mawe. Mimi nilizuiwa kugusa hata kijiti. Kisha wakakaa kitako wakanihukumu, mimi niko hapo hapo.

"Matope mapya hayajashikana," Bi Mishi akasema. "Maji yakijaa, makumbi yataelea yaende zake. Yataka mtu wa kuyaangalia."

"Nitayaangalia!" nikasema. "Nitaongeza mawe, nitajenga ukuta..."

"Utakaa!" wakapiga kelele wote watatu.

"Utakaa pale kwenye gogo," akasema shangazi. "Maji yakijaa waangalia, yakipwa waangalia. Ukiona kumbi limeelea, waita. Ukigusa kitu, wallahi twakufukia wewe, nawe utakaa mpaka uwe usumba."

Basi nikakaa. Hakuna adhabu niliyowahi kupewa, hata ile ya magunia, iliyonitesa kama gogo lile. Mbele yangu matope. Juu ya matope, kaa wale wadogo wenye gando moja kubwa na jingine dogo. Kaa huyu hutoka shimoni asubuhi, akasimama mlangoni, akapunga mkono wake mkubwa juu chini, juu chini, kutwa, na habebi kitu chochote. Nikampa jina Saidi Mbuya. Nikampata na daktari pia, mwekundu, anaenda upande upande. Kutwa nikawagombeza. "Saidi, mtazame mtu wa winchi, usitazame mihogo!" Alikuwa ananitazama, anapunga, anaingia shimoni. Kazungu akipita na punda alinikuta tunabishana.

"Mwaendeleaje?" akauliza.

"Hasikii huyu."

"Basi mwache. Si wa genge lako."

Siku zilivyopita, maneno yalipungua. Mtu hawezi kumtukana kaa mwezi mzima, pumzi haitoshi. Nikaanza kusikia maji yanavyoingia kwenye mizizi ya mikoko, kwanza kama mtu anayenong'ona, halafu kama anayekunywa uji. Nikajua saa kwa maji. Chai Bi Mishi aliniletea kwenye gogo, nikainywa yote, tumboni.

Mchana mmoja niliamshwa na vicheko. Maji yalikuwa yamejaa, yamenifika magotini, nami nimelala nimeegemea mkoko, mdomo wazi. Wanawake wote watatu wamesimama. Mbele yangu linaelea kumbi, linazunguka polepole.

Nikaruka. "Shangazi, nisamehe, sikuliona!"

Bi Mishi akalivua kwa mguu, akalitazama. "Moja tu," akasema. Kisha akaniangalia usoni muda mrefu. "Ewe Kadzo, huyu ana rangi leo. Mwanangu, lala. Hata na wewe hujatimia bado."

Mwezi ulipoandama, nikaaga. Makumbi nasikia yalichelewa, lakini usumba ulitoka. Kazungu akanisindikiza hadi darajani, na safari hii tulikuwa tunasimamishana. Yule mzee wa barazani alipokosa tundu la sindano, nilimtilia uzi mimi, kisha tukanywa kahawa.

Mjini nikapitia kwa daktari. Akaniwekea mipira kifuani. Akasikiliza. Akaihamisha. Akaigonga gonga kwenye meza akidhani imeharibika, akasikiliza tena.

"Wewe kula nini huko shamba?"

"Sikula kitu, bwana. Nilikaa."

Akanipa cheti cha kazi. Athmani wa zamani angekwenda mbio mpaka bandarini akitikise mbele ya pua ya Saidi Mbuya. Mimi nilikwenda nyumbani Changamwe. Zuhura alikuwa ametoka. Jua kali, nzi wengi. Nikajilaza kitandani, nikajifunika leso gubigubi hata uso, nikalala usingizi wa kwenye gogo.

Nikaja kusikia watu wanasoma. Nikasikiliza vizuri. Ni Yasini. Nikajiuliza ni nani masikini aliyefariki, mbona karibu hivi. Nikamsikia Zuhura akilia, "Nimemwita mara moja hakuitika! Athmani wangu, ambaye hata paka akikohoa hutoka mbio! Amelala mchana, jamani, amelala mchana!" Na majirani wakamjibu kwamba hiyo kweli ni dalili.

Kisha nikasikia sauti ya mwanamume, inalia kuliko wote, inatoka miguuni pangu. "Kaka yangu! Umeniachia mzigo mzito! Lakini usihofu, genge nimeshalishika, na bwana mkubwa nimeshamwambia!"

Nikafunua leso usoni.

"Saidi," nikasema, "nyanyuka. Umenikalia mguu."

Waliotoka kwa mlango walitoka, waliotoka kwa dirisha walitoka. Saidi Mbuya alitoka bila viatu, na kazini hakuonekana siku kadhaa. Alibaki Zuhura, amejishika kifua, hajui acheke ama anipige.

"Ulikuwa wafanyani?" akauliza.

"Nimepumzika."

Akaketi pembeni ya kitanda. Miaka yote ya ndoa yetu hatukuwahi kuketi wawili mchana mahali pamoja, kila mmoja alikuwa akimwona mwenzake mgongo. Tukakaa. Nje majirani wanaitana warudi wachungulie. Nilichojifunza safarini ni hicho tu, na nimechelewa kukijua kwa sababu ya watu niliowataja: aliye hai naye ana haki ya kulala. Cheti kilikuwa mfukoni, bandari ilikuwa pale pale ilipo, na nilikwenda kazini kesho yake, baada ya chai.