Mashine Iliyolala Kifudifudi

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, ndiye aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote. Alisema nikifungua duka la chumvi, chumvi itaoza. Mwenzangu mmoja tuliyesoma naye sekondari alisema nilikwenda India kujifunza kubonyeza vitufe, kazi ambayo mtu anaweza kujifunza kwenye lifti yoyote bila kulipa ada. Mama mmoja jirani aliniuliza, kwa upole kabisa, kama stashahada ya elektroniki inaweza kulika na ugali. Niliwasikiliza wote, kisha nikafungua. Ukumbi wa kwanza wa gemu za sidii katika mtaa wetu, hapa Morogoro mjini, ulikuwa wangu, na sikupewa na baba wala serikali.

Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa. Waliopunguzwa kazini waliuza maandazi, walimu waliuza barafu, na maduka yaliyokuwa na sabuni ya aina moja yalianza kujaa redio na feni kutoka Dubai. Mimi nilirudi na mabegi mawili, moja la nguo na moja la mashine ya gemu. La nguo lilipotea njiani. Nikasema afadhali, maana mashine ile ya kijivu niliinunua kwa jasho langu, kwa kurekebisha redio za wenzangu bwenini miaka miwili mfululizo.

Lakini mashine peke yake haionyeshi kitu. Chumba nilikopeshwa na mzee mmoja wa Kinole, mstaafu wa kiwandani, ambaye alikuwa akihifadhi humo mdalasini na karafuu za shamba lake. Aliniambia nitalipa kodi nikianza kupata. Stabilaiza ya kuzuia umeme usiruke nilikopeshwa na dada wa saluni ya jirani, kwa sharti kwamba atacheza bure kila asipokuwa na kichwa cha kusuka. Televisheni nilikopeshwa na dada yangu.

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Televisheni haikuwa ya dada. Ilikuwa ya shemeji, na shemeji hakujua. Yeye alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha sukari, na msimu wa kusaga miwa alilala hukohuko. Dada alinipa televisheni kwa sharti moja, kwamba msimu ukiisha iwe imerudi sebuleni, mahali pale pale, na kitambaa chake juu. Kwa hiyo nilikuwa na msimu mmoja wa miwa kupata fedha za kununua televisheni yangu. Nikishindwa, ukumbi unafungwa, na yule aliyeitabiria chumvi yangu kuoza atakuwa amesema kweli.

Niliitengenezea televisheni sanduku la mbao lililoficha kila kitu isipokuwa kioo na vitufe vya chini. Watu waliuliza la nini. Niliwaambia ni la kuongeza sauti.

Wateja walikuja kuliko nilivyotegemea, na wengi walikuwa watu wazima. Benchi la mbele lilikuwa na wakubwa watatu. Mwalimu wa jiografia alikuja na madaftari ya kusahihisha na kuyarudisha kama alivyokuja nayo. Mwanachuo wa kilimo alisoma magazeti ya kompyuta maktaba, kwa hiyo alijua kila kitu kabla hakijatokea. Na dada wa saluni alikuwa akiwashinda wote kwenye mbio za magari, huku ana kitana mdomoni. Mechi moja ilikuwa sarafu ya shilingi mia. Maoni yalikuwa bure, na ndiyo yaliyotumia muda mwingi.

"Kaseti zimekwisha," mwanachuo alisema siku moja. "Dunia nzima inahamia sidii. Na inakuja mashine nyingine inacheza gemu na filamu humo humo."

"Gemu na filamu?" mwalimu akauliza. "Mkeo akitaka filamu na wewe unataka mpira?"

"Hana mke huyo," dada wa saluni akasema bila kutoa kitana. "Ndiyo maana mashine inamtosha."

"Cheka tu, dada. Na pedi zake hazitakuwa na waya."

Pedi ni kile kidude cha kushika mikononi. Benchi zima likaanza kufikiria.

"Bila waya," mwalimu akasema taratibu. "Sasa mtu akiingia nayo mfukoni na kwenda zake Mgeta, utamvuta na nini?"

Wote waliniangalia mimi, kama msomi wa elektroniki. Nilijibu kwamba waya ni teknolojia ya ulinzi, na nchi zilizoendelea zitaujutia uamuzi huo. Jibu lilikubaliwa.

Nusu ya msimu mambo yalikuwa mazuri. Kisha mambo mawili yalitokea wiki moja. Kwanza, mfanyabiashara mmoja alifungua ukumbi karibu na stendi, na mashine mbili mpya na feni ya dari. Pili, mashine yangu ilianza kukataa. Chumba kilikuwa cha bati, na saa nane mchana ungeweza kukaanga yai juu ya sidii. Mpira ulikuwa unasimama hewani, golikipa anabaki amelala, na mtangazaji anarudia neno moja kama kichaa. Wateja waliokuwa wamelipa walidai sarafu zao. Siku ya tatu mwalimu alibeba madaftari yake akasema anakwenda kuangalia feni ya stendi, kuangalia tu.

Niliifungua mashine asubuhi. Stashahada yangu ilinionyesha tatizo kwa dakika tano: reli ya plastiki ambayo jicho la kusomea sidii hutelezea juu yake ilikuwa imelika, na jicho lilikuwa limeinama. Stashahada haikunionyesha mahali pa kupata reli nyingine hapa Morogoro. Niliifunga, nikaiwasha, ikakwama tena; kwa hasira nikaigeuza juu chini niangalie skrubu, sidii bado inazunguka ndani. Mpira uliokuwa umesimama hewani ukaanguka, golikipa akaamka. Ikiwa imelala kifudifudi, jicho liliangukia upande ambao haujalika.

Nikaweka vibao viwili mezani ili vitufe vya juu visibonyezwe. Nikawa nawasha kwanza, kisha naigeuza kama chapati.

Mwalimu alirudi mchana, maana kwa mshindani foleni ilikuwa ndefu. Alisimama mlangoni.

"Mbona imelala kifudifudi?"

Ningeweza kusema kweli. Lakini ningekuwa nimemkabidhi mteja kwa mkono wangu mwenyewe.

"Hilo ni toleo jipya, mwalimu. Zinazotoka sasa zinalazwa hivyo. Joto linatokea juu."

"Hii si ile ile ya juzi?"

"Nimeibadilisha mfumo. Unadhani India nilikwenda kula pilipili?"

Dada wa saluni aliinama akachungulia. "Na hii miguu ya mpira inayoangalia dari?"

"Si miguu hiyo. Ni vipooza joto."

Aliubonyeza mmoja kwa kidole. Halafu akakaa, akachukua pedi. "Vipooza joto," akarudia, na nilijua kuwa hakuamini hata neno moja, na kwamba kuanzia siku hiyo mbio za magari zitakuwa bure hata akiwa na vichwa vitatu vya kusuka vinamsubiri.

Wengine waliamini vizuri sana. Mwanachuo alisema alishawahi kusoma habari za mfumo huo, jambo lililonishangaza hata mimi. Mwalimu alisema picha imeongezeka rangi, hasa kijani cha uwanja. Kufika mwisho wa wiki watu walikuwa wakitoka mitaa mingine kuja kuona mashine ya kifudifudi, na kusimama nyuma ya benchi wakibishana ikiwa ya kulala chali bado ina thamani yoyote sokoni. Baada ya siku chache nikasikia kwamba mshindani wa stendi amezigeuza zake zote mbili. Zilikuwa nzima kabisa zikiwa chali. Zikiwa kifudifudi, moja ilianza kukwama. Nilimhurumia, lakini sikumhurumia sana.

Fedha zikaanza kukaa. Nilikuwa nimeshaulizia televisheni ya mtumba na nimebakiza kidogo, wakati msimu wa miwa ulipoisha wiki mbili kabla ya nilivyohesabu. Shemeji hakupitia nyumbani. Kule kiwandani walikuwa wamezungumza habari za mashine inayofanya kazi kichwa chini, na kama fundi mitambo alitaka kuiona kwa macho yake. Aliingia ukumbini na mkoba wake wa safari begani.

"Shikamoo shemeji," nilisema.

"Marahaba. Ndiyo hii?"

Alikaa katikati ya mwalimu na mwanachuo, akatoa sarafu, akachukua pedi. Alifungwa mabao manne na mwanachuo. Aliisifia televisheni.

"Hii sasa ndiyo televisheni," alimwambia mwalimu. "Ninayo kama hii nyumbani, lakini picha yake inatikisika. Dada yake huyu aliniandikia kwamba iko kwa fundi."

Nilikuwa nimeirekebisha mwenyewe ile picha. Nikajifanya napanga sidii. Shemeji akanyoosha mkono kuongeza sauti. Vidole vyake vikashika kitufe, vikakipapasa, vikasimama. Kitufe cha sauti hakikuwa kitufe. Kilikuwa kifuniko cha dawa ya meno, ambacho yeye mwenyewe alikibandika miaka mitatu nyuma.

Hakugeuka. Aliongeza sauti, akaegemea, akaendelea kutazama uwanja.

"Shemeji," akasema polepole. "Televisheni yangu iko wapi?"

"Iko kwa fundi, shemeji."

"Fundi gani?"

"Mimi ndiye fundi. Nina stashahada."

Dada wa saluni alikohoa kitana kikaanguka. Mabega ya shemeji yakatikisika kidogo, nikaona anacheka bila sauti. Kisha akasogea mbele, akaweka sikio karibu na mashine, akasikiliza kama daktari. Mwalimu na mwanachuo walikuwa wamerudi kwenye ubishi wao. Akanong'ona:

"Na hii reli imeliwa."

"Punguza sauti, shemeji. Hilo ni toleo jipya."

"Toleo jipya. Kiwandani tuna matoleo mapya mengi ya namna hiyo." Akafikiri. "Likizo yangu ni mwezi mmoja. Siku ninayorudi kazini nataka nimwache mke wangu na televisheni sebuleni. Isipokuwepo nitakuja kuibeba mbele ya hawa waheshimiwa, na nitawaeleza vipooza joto ni nini."

"Umesikia wapi habari za vipooza joto?"

"Hadi kwenye matrekta wanavizungumza."

Jumapili, watu wakiwa kanisani, alikuja na kisanduku chake cha vifaa. Sitaficha kitu hapa, maana mimi si mtu wa kujisifia uongo: kilichofuata alikifanya yeye. Alichonga kipande cha kitana kigumu tulichopewa na dada wa saluni, akakisugua kwa tupa mpaka kikawa chembamba kama ukucha, akakipachika chini ya reli iliyolika. Mimi nilishika tochi na kumpa bisibisi alizotaja. Mara mbili nilimpa isiyo sahihi.

"India walikufundisha kushika tochi?" aliuliza.

"Kinadharia," nilimjibu.

Mashine ikasoma ikiwa chali, safi, bila kusita hata kwa joto la mchana. Nilijua ni kwa sababu ya kitana, lakini mahesabu ya mahali pa kukiweka tulifanya pamoja, na hapo stashahada ilihusika.

Jumatatu niliiweka chali kwa fahari. Mwalimu alicheza dakika tano akaweka pedi chini.

"Umerudisha ya zamani?"

"Imeboreshwa, mwalimu."

"Kijani kimepungua," akasema. Mwanachuo akaafiki. Mmoja kutoka mtaa wa pili alisema hakutoka kwao kuja kuona mashine ya kawaida, ya kawaida ipo stendi. Walianza kusimama. Shemeji, aliyekuwa kwenye kona na soda yake, alinitazama kwa furaha isiyofichika.

Nikaigeuza kama chapati. Mashine iliyopona ikaendelea kucheza kifudifudi bila tatizo, benchi likatulia, na kijani kikarudi. Kwa mwezi mzima niliilaza hivyo kila asubuhi kwa heshima ya wateja.

Wiki ya mwisho ya likizo ya shemeji nilinunua televisheni yangu, kubwa kuliko yake kwa inchi kadhaa, na siku iliyofuata nikawalipa wote. Mzee wa Kinole nilimpelekea kodi yake yote barazani kwake, nikasema shikamoo na kumpa bahasha. Alinipa karafuu kidogo, akaniuliza kama sasa anaweza kupandisha kodi. Dada wa saluni nilimrudishia stabilaiza yake, maana nilishanunua yangu, na kumwambia kuanzia leo magari ni shilingi mia. Alisema sawa, na kwamba vipooza joto pia ni habari ambayo kwa kawaida angeuza kwa shilingi mia. Tukakubaliana acheze bure mpaka mwisho wa mwaka.

Televisheni ya shemeji niliisukuma mwenyewe kwa mkokoteni, mchana kweupe, kupitia mtaa wote wa waliosema sitaweza. Nilikwenda polepole. Dada alikuwa mlangoni. Tuliiweka mahali pake, akatandika kitambaa juu, tukawasha. Picha ilikuwa imetulia kabisa, taarifa za bei za mazao zinasomwa. Shemeji alitazama kidogo. Kisha alisimama akavaa viatu.

"Unakwenda wapi?" dada akamuuliza.

"Natembea kidogo na shemeji."

Njiani alipapasa mifuko yote miwili, akasimama chini ya nguzo ya umeme, akaniuliza kama wageni wa heshima wanaweza kucheza moja ya mkopo. Nilimwambia hapana, nikaendelea kusukuma mkokoteni mtupu, naye akarudi mbio kumwomba mkewe mia.