Maji Mekundu Niliyoyaita Dawa

Siku yangu ya kwanza kazini, miaka ya hamsini, sikuonyeshwa mgonjwa. Nilionyeshwa jagi la maji. Dispensari yetu ilikuwa mwendo wa nusu siku kutoka kijiji cha Nyangoto, nami nilikuwa dresa, yaani mfunga vidonda, ingawa koti jeupe lilinifanya nijione daktari. Mkubwa wangu, Mganga Msaidizi, alinifundisha kuchanganya mistura, dawa ya maji. Ile ya kuongeza damu ilitakiwa iwe na madini ya chuma. Yalipokwisha, na yalikwisha mara kwa mara, alitia sukari na rangi.

"Wape nyekundu," alisema. "Watu wa huku wakiona nyekundu wanaona damu."

Nilicheka. Kicheko kile nakijutia mpaka leo.

Kisha mwanamke mmoja, Boke, alikuja na mimba kubwa, viganja vyeupe, ndani ya kope pia. Aliyesema ni mama mkwe wake.

"Mura, kijana wangu, damu imemwisha huyu. Nyumbani tunamtoboa ng'ombe shingo, tunampa damu na maziwa. Tuendelee?"

"Acheni ushenzi!" nilimjibu, mimi niliyekunywa damu hiyohiyo utotoni. "Dawa ni hii. Kijiko asubuhi, kijiko jioni."

Walinitii, jamani. Damu wakaacha. Boke akanywa maji yangu ya sukari mpaka tone la mwisho. Alipojifungua alitokwa damu kidogo tu, na hata hiyo kidogo hakuwa nayo ya kupoteza. Akafa, na mtoto naye.

Mkubwa wangu aliandika kwamba alicheleweshwa kuletwa. Uongo mtupu. Alikuja kwangu mara tatu kwa miguu yake. Mimi nilihamishiwa Nyambureti, kisha Natta, nikapandishwa cheo, nikastaafu na cheti cha utumishi mwema.

Sisemi damu ya ng'ombe ingemwokoa, sijui. Ila ilikuwa na kitu ndani yake. Chupa yangu haikuwa na kitu, na nilijua.

Juzi alikuja mama mmoja jirani anayeuza virutubisho vya makopo. Eti vinaongeza damu, vinatibu sukari, vinarudisha nguvu. Nilimuuliza mna nini ndani. Hajui.

"Mzee wangu, twende wote mnadani. Wewe ulikuwa daktari, ukisema neno moja tu watakuamini."

"Najua," nilisema. "Boke aliniamini."

"Boke ni nani?"

Niliingia ndani kutafuta kalamu. Jibu ni hili nililoandika.