Nilipata ya barafu, nikakosa ya nyuki: reading ya mtihani wa Kiingereza ilivyonichanganya

Wakuu, salaam kutoka Kibondo. Haya yamenikuta mwenyewe, sijasimuliwa, na hadi leo yananishangaza.

Nilipata nafasi ya kusoma uuguzi nje. Sharti lilikuwa alama za Kiingereza, na zilizonikwamisha ni za reading. Chuo kikanikubalia nirudie mara moja tu. Nikikosa, nafasi anapewa mwingine.

Si kwamba Kiingereza sikijui. Kazi inayoniweka mjini ni ukalimani kwenye zahanati ya kambi ya wakimbizi ya Nduta: mgonjwa anasema Kirundi, daktari mgeni anasikia Kiingereza. Kirundi na Kiha chetu ni ndugu.

Nikachukua practice test. Passage ya kwanza ilihusu barafu ya ncha ya dunia. Barafu ninayoijua mimi ni ya friji ya duka la soda. Nikapata karibu yote.

Ya pili, nyuki. Nikacheka mwenyewe. Baba yangu ni mrina asali kule Kumsenga, nimekulia chini ya mizinga. Nikaimaliza fasta, kifua mbele.

Nikaangukia pua.

Sasa inakuwaje mtu anafaulu asichokijua, anafeli alicholelewa nacho? Nilimaliza bando kwa video za mbinu, nikameza vocabulary. Wapi!

Jibu likanikuta kazini. Bibi mmoja alisema tumbo linamuuma tangu jana. Mimi nikamwambia daktari linauma tangu jana kwa sababu ya maharage ya mgao. Si nayajua yale maharage yasipoiva!

Daktari akaweka kalamu chini. "Amesema yeye, au unasema wewe?"

Nikamuuliza bibi.

"Maharage gani, mwanangu? Tangu jana sijala kitu."

Aibu niliyoipata, acheni tu. Mkalimani haongezi neno, na mimi najua hivyo.

Jioni nikairudia ile passage. Swali moja lilidai nyuki huwa wakali asali ikirinwa mchana. Nilijibu True, maana baba hurina giza likiingia. Kumbe mwandishi hakugusa muda wa kurina popote. Jibu ni Not Given, yaani karatasi haijasema. Tangu hapo kila swali najiuliza: amesema yeye, au nasema mimi?

Nikarudia mtihani. Alama zikatosha, nafasi ikabaki yangu.

Kwa hiyo wakuu, ukisoma passage, unayoyajua yaache mlangoni, utayachukua ukitoka. Je, kuna mwingine aliyeponzwa na mada anayoijua mno? Walimu wa Kasulu mpo? Shusheni maoni.

Ila baba nilipomweleza, hakufurahi hapo hapo.

"Yaani ulijua, ukanyamaza?"

"Hawakuuliza ninachojua, baba. Waliuliza karatasi imesema nini."

Akaingia ndani, akatoka na chupa ya asali, akaisokomeza kwenye begi langu la safari.

"Haya. Yale yasiyokuwemo kwenye karatasi yao, ukifika waambie."