Nilivyomfisha Bibi Nikapata Usajenti

Nina miaka thelathini na moja, na kwenye kikosi chetu cha gemu ya mtandaoni nilikuwa Koplo. Huko ukikosa mazoezi mara tatu bila sababu, unashushwa cheo. Mimi nilikosa kwa usingizi tu. Kanali wetu, niliyemjua kwa sauti pekee, alipodai maelezo, nikasema nimefiwa na bibi yangu hapa Kibosho.

Kikosi kizima kikanipa pole. Kesho yake nikarudi mazoezini, na Kanali akanipandisha kuwa Sajenti kwa ujasiri wangu. Akauliza kwetu ni wapi. Nikamwelekeza hadi getini, maana yeye anaishi Tarakea. Nani atoke kote huko?

Jumamosi wakashuka garini watu watano na shada la maua. Bibi alikuwa ndiyo anatoka mgombani, majani ya ng'ombe kichwani.

"Shikamoo bibi. Tumekuja kumpa pole Sajenti, amefiwa na bibi yake."

"Marahaba. Bibi yupi tena? Hapa bibi ni mimi tu."

Nami mlangoni, niliposikia sauti ile ya Kanali, miguu ikajibana yenyewe na mdomo ukaropoka, "Afande!"

Kanali akanitazama, akamtazama bibi.

"Kuruta," akasema, "mtue bibi mzigo."