Mama wa Sutton na Pikipiki ya Turbo

Siku ya kwanza kuisikia ile pikipiki nilidhani kuna mtu anapiga mluzi nyuma ya ukuta. Nilikuwa ghalani Nechells, mtaa wa Birmingham, napakia makabati ya jikoni kwenye lori. Mluzi ulianza chini kabisa, ukapanda polepole, ukawa mwembamba kama wa birika linalochemka, kisha ukazimika ghafla. Mwenzangu wa forklifti, Msomali aliyekulia Nairobi, akacheka aliponiona nimesimama na kabati mkononi.

"Hiyo ni nduthi ya wale wazee," akaniambia. "Wako hapo nyuma kila Saturday. Enda uone, watakupea chai."

Nikaenda wakati wa mapumziko. Nyuma ya ghala letu kulikuwa na karakana ndogo iliyokodiwa na wazee wawili wa Kiingereza, wote wastaafu wa kile kiwanda cha magari kilichokuwa Washwood Heath. Mmoja alikuwa mrefu, mkimya, mwenye mikono mikubwa, na ndiye mwenye pikipiki. Wa pili alikuwa mfupi na alisema kwa niaba ya wote wawili. Katikati yao ilisimama pikipiki nyeupe yenye mistari myekundu, pana kifuani, na kwenye kava lake la mbele pameandikwa neno ambalo sikuweza kulisoma. Herufi zilikuwa zimegeuzwa kinyumenyume.

"Siyo kwa ajili yako," yule mfupi akaniambia. "Ni kwa ajili ya dereva aliye mbele. Anaangalia kwenye kioo chake, anasoma TURBO, anakupisha."

Nikacheka hadi nikaketi. Kwetu Bukavu, Kongo, pikipiki tunaiita moto, kwa Kifaransa, na mgeni akitusikia anaweza kudhani kuna nyumba inaungua. Niliendesha moto ya abiria tangu nilipomaliza shule hadi siku tulipokimbia. Ilikuwa ndogo, nyepesi, na nilipanda nayo vilima vya Kadutu nikiwa na mama mmoja na watoto wake wawili na gunia la mkaa, huku nikiisemesha kama mtu anavyomsemesha ng'ombe mvivu. Mashine niliyoipenda hivyo sikupata nyingine. Hapa Birmingham nimeendesha baiskeli, forklifti na gari, lakini moto sikuwa nimeigusa. Sikuwa na leseni yake, na siku zote palikuwa na jambo jingine la kutangulia.

Wazee wakanieleza habari zake wakipokezana. Mwanzoni mwa miaka ya themanini makampuni makubwa ya Japani yalishikwa na wazimu mmoja kwa wakati mmoja. Kila moja likatengeneza pikipiki ya turbo. Moshi unaotoka kwenye injini, badala ya kupotea hewani, unazungusha feni ndogo sana, na feni hiyo inashindilia hewa zaidi ndani ya injini. Injini ndogo inapata nguvu za injini kubwa. Baada ya miaka michache yote yakaacha. Zilikuwa nzito, zilikuwa na nyaya na mabomba ambayo fundi wa mtaani hakuyaelewa, na wateja wakaona kwamba injini kubwa ya kawaida inafanya kazi ile ile bila maringo.

"Lakini ile ya kawaida haikufanyi usubiri," akasema mrefu. Hayo ndiyo maneno marefu zaidi niliyomsikia akisema siku ile.

Nilielewa alichomaanisha kadiri Jumamosi zilivyopita. Ukivuta mafuta kwenye pikipiki ya turbo, mwanzoni hakuna kitu. Unavuta, inakwenda kama pikipiki ya mtu mzima anayekwenda kanisani. Halafu feni inakolea, na nguvu zote zinafika kwa mpigo. Mfupi alikuwa nayo moja enzi zake, na nguvu hizo zilimfikia katikati ya mzunguko wa barabara, siku ya mvua, akaishia kwenye maua ya manispaa. Alisimulia kisa hicho kila wiki, na kila wiki pikipiki ilikuwa na hatia zaidi. Hata hivyo, akimaliza kuitukana alikuwa akienda kuifuta vumbi ile ya mrefu kwa kiganja cha mkono.

Nilipiga picha na kumwonyesha mke wangu. Aliitazama kidogo, akasema ni nzuri, akarudi kwenye mboga zake. Binti yetu akasema kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba inafanana na friji. Nikadhani yameishia hapo.

Mke wangu hutunza wazee majumbani mwao. Kila asubuhi hupanda treni kwenda Sutton Coldfield, ambako nyumba zina bustani mbele na nyuma. Jioni moja alirudi akaniita kabla hajavua koti.

"Papa, ile moto ulinionyeshaka, njo ile ile! Iko kwa photo, kwa salon ya ule maman mwenye fimbo. Nilipangusaka ile photo kila siku, sikujuaka ni nini."

"Ile ile kweli?"

"Na maandishi ya kugeuka. Nikamuuliza kama ni ya bwana yake. Akacheka sana. Akasema nimwambie bwana yangu aje amuone."

Haikuwa pikipiki ile ile, ilikuwa ndugu yake wa kiwanda kimoja. Lakini nilipowaambia wazee kwamba kuna mama Sutton aliyewahi kuishi na moja, mrefu akaweka spana chini. Akasema aletwe. Mke wangu akazungumza na binti wa yule mama, binti akakubali, na Jumamosi moja kavu yule mama na mke wangu wakashuka kwenye teksi mbele ya karakana.

Alikuwa mama mrefu mwenye nywele nyeupe fupi, na nyonga moja haikuwa ikimtii vizuri. Nilimwita Mama, kwa sababu nisingeweza kumwita kwa jina lake mtu wa umri ule, na alipouliza maana yake nikamwambia. Akasema basi abaki nalo. Alikuwa mkunga kabla ya kustaafu.

Wazee walikuwa wamefagia, tena wamevaa mashati safi. Mfupi akamvutia kiti, akaanza kumpa pole ya kufiwa na mume kwa heshima kubwa. Akasema mumewe lazima alikuwa mwendeshaji hodari, kwa sababu pikipiki hizi hazikuwa za kila mtu.

"Mume wangu alikuwa na macho mabovu," yule mama akasema. "Hakuruhusiwa kuendesha hata toroli. Alikuwa anakaa nyuma."

Kisha mrefu akaanza kutabasamu, taratibu, hadi uso wote ukajaa.

Mama akatusimulia, naye akiwa bado amesimama, mkono mmoja juu ya tangi. Wiki nzima alizalisha wanawake. Wiki ikiisha alimpakia mumewe, mwalimu wa hesabu, wakaenda Wales. Mume aliimba njia nzima, nyimbo za kanisani na za baa bila kubagua. Yeye hakuwa akisikia vizuri kwa sababu ya upepo, lakini alijua anaimba kwa jinsi kifua chake kilivyotetemeka mgongoni mwake. Turbo ikishika, wimbo unakatika. Kisha anacheka, kisha anaendelea pale pale alipokatikia.

"Na hukuwahi kuanguka?" mfupi akauliza, akaingiza kisa chake cha maua ya manispaa, safari hii kwa ufupi.

Mama akamsikiliza hadi mwisho. "Uliiomba ukiwa tayari umo kwenye kona," akasema. "Inabidi uiombe mapema. Unavuta kidogo wakati bado huihitaji, ili ikifika ikukute umenyooka."

Mfupi akajikuna shingo. "Miaka yote hii nimeilaumu pikipiki," akasema, na akacheka kuliko sisi wote.

Mrefu akamuuliza kama angependa kuikalia. Tulipanga kreti mbili kama ngazi, mke wangu akamshika upande mmoja na mimi upande wa pili, naye akaketi. Alishika usukani, akautazama mshale mdogo wa turbo kwenye dashibodi. Kisha akasogea nyuma, kwenye nafasi ya abiria.

"Bima yako inaruhusu abiria?" akamuuliza mrefu.

"Inaruhusu."

"Basi nipeni helmeti."

"Yesu wangu," mke wangu akasema kwa Kiswahili. Kisha kwa Kiingereza akamkumbusha kuhusu nyonga yake, na kuhusu binti yake. Mama akajibu kwamba nyonga ni yake mwenyewe, na binti angepigiwa simu baadaye.

Wakatoka. Mke wangu alibaki amekumbatia fimbo na mkoba wa yule mama, akisali bila kuficha. Walitakiwa kufika mwisho wa barabara ya maghala na kurudi. Tuliwasikia wakifika mwisho, tukawasikia wakikata kona, na mlio ukazidi kwenda mbali. Mfupi akasema huenda wamegeuzia mbele kidogo. Nilianza kujiuliza ningemwambia nini yule binti.

Halafu tukausikia ule mluzi, kutoka upande mwingine kabisa, ukipanda. Wakaingia uani wakiwa wamezunguka kote hadi kwenye barabara kubwa ya njia mbili. Mama alipovuliwa helmeti mashavu yake yalikuwa mekundu kama ya mtoto aliyetoka kucheza, na machozi ya upepo yalikuwa yamemfika masikioni. Mke wangu akamkagua mwili mzima kama anayemtafuta siafu.

"Alikuwa ananigonga bega," mrefu akatuambia, akionyesha mahali penyewe. "Ananigonga, navuta, na inafika pale pale barabara inaponyooka. Nimekuwa nayo miaka mingi, sijawahi kuendeshwa hivi."

Tulipokuwa tukinywa chai mama akanigeukia. "Na wewe, mbona huendeshi?"

Nikamwambia sina leseni ya hapa. Nikaeleza habari za watoto, zamu za kazi, na mambo mengine ya kutangulia. Nikamweleza na Bukavu, na vilima, na gunia la mkaa. Alisikiliza kama alivyomsikiliza mfupi.

"Watu walikukabidhi watoto wao kwenye kilima kama hicho," akasema, "na wewe unaniambia huna leseni?"

Niliporudi nyumbani nilimwomba binti yangu anifundishe maswali ya mtihani wa nadharia, naye akanifundisha kwa ukali ambao sikujua anao. Mtihani wa kuendesha nilianguka mara ya kwanza, kwa sababu wakati wa kugeuza niliweka mguu chini, mazoea ya Bukavu. Mara ya pili mguu ulibaki juu. Mrefu hakunipongeza kwa maneno. Aliniandikisha kwenye bima yake, na Jumapili moja baada ya ibada akanipa funguo za ile nyeupe, yeye akapanda pikipiki yake nyingine na kunitangulia kwenda Sutton.

Ilikuwa nzito kuliko nilivyotarajia. Mjini ilikwenda kwa adabu, nami nikaenda kwa adabu, nikiogopa kila taa. Barabara ilipofunguka nikaona mbele kumenyooka, nikavuta kidogo, mapema, kama mama alivyofundisha. Hakuna kitu. Nikasikia mluzi chini ya magoti yangu. Kisha mkono wa mtu mkubwa sana ukanisukuma mgongoni, bila ukali, bila kuacha, na miti ikaanza kurudi nyuma kwa haraka. Nilipiga kelele ndani ya helmeti. Nilikuwa napiga kelele kwa Kiswahili cha Bukavu, maneno tuliyokuwa tukirushiana sisi madereva wa moto pale Kadutu mtu akimpita mwenzake, maneno ambayo sikuwa nimeyatamka tangu nifike nchi hii.

Mama alikuwa amesimama kwenye geti lake. Nilipotaka kuzima akaninyooshea kiganja.

"Bado. Ile feni ni ya moto sana. Iache injini itembee polepole ipoe kwanza, ukizima sasa mafuta ya injini yanaungulia ndani."

Tukasubiri wote watatu, pikipiki ikinguruma chini chini, na jirani mmoja akachungulia dirishani. Nilimuuliza kwa nini aliiuza. Akasema mumewe aliugua, hakuweza tena kukaa nyuma, na bila uzito wake pikipiki ilikuwa nyepesi mno.

"Je, hukujuta?"

"Nilijuta sana," akasema. "Haya, zima. Mkeo ameniambia hujala tangu asubuhi."